Marwa Hakuuza Mbio

Machimboni, Nyamongo

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, kisha mama, na naomba umfikishie salamu yake sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana mbele ya barua hii utakasirika na utamsahau. Goti lake linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mjomba, aliifikisha au aliiacha kwenye gari kama alivyoacha sukari? Na yule ng'ombe mweusi aliyekuwa na mimba, ameshazaa? Mvua ya huko Nyansurura imewapa ulezi wa kutosha, au mnanunua kama sisi? Mimi mwili ni mzima, ila sauti imekauka kwa kupiga kelele, na moyo ndio usiseme. Soma mwenyewe, Baba. Vaa miwani yako ukae pembeni, usimpe mtu akusomee.

Huku dhahabu bado inavuma. Kila wiki malori yanashusha watu wapya, wengine hata sururu hawajui kuishika, na wote wanaamini watarudi kwao matajiri kabla ya Krismasi. Mashimo yamesogeleana mpaka mtu unatembea ukiangalia miguu yako. Mimi ni kupika tu. Asubuhi chai na chapati, mchana ugali na dagaa, na vumbi la mawe linaingia kwenye sufuria hata ukifunika vipi. Kuni zimekuwa za kutafuta mbali. Kinachonisaidia ni redio yako ya zamani uliyonipa siku naondoka. Hiyo ndiyo inajaza kibanda changu. Wachimbaji wamekiita "Uwanjani", na mchezo ukitangazwa huwezi kupata pa kuweka sahani. Unanijua, mimi si mwanamke wa kukaa kimya wakati wa mpira. Nabishana nao nikiwa na mwiko mkononi, na wengi wao nawashinda.

Na mchezo ninaoupenda kuliko yote, Baba, ni wa wanavyuo. Huyu wa timu kubwa analipwa, akikosa bao anakwenda kulala hotelini. Mwanachuo anaamka kukimbia kabla ya kufagia bweni, anakula maharage yenye wadudu, anaingia darasani ananuka jasho, na jioni anakimbia tena. Mwaka jana nilikwenda kuangalia netiboli ya vyuo pale Bomani. Kulikuwa na msichana mmoja mwembamba, kidole kimefungwa kitambaa, na mpira wa mwisho ukamwangukia yeye. Akaurusha. Ukazunguka kwenye chuma, ukaingia! Nililia, Baba. Nikamkumbatia mtu aliyekuwa jirani yangu, nikamrusharusha, kumbe ni yule mgambo anayetutoza ushuru wa vibanda. Mpaka leo akinipitia anacheka.

Lakini nimeona na ya kuudhi. Nimeona kijana anakosa penalti na walimu wake wenyewe wanamzomea mpaka analia, mtu mzima anayesomea kufundisha watoto wa watu. Kombe likipatikana linafungiwa kabatini kwa mkuu wa chuo, na redioni wanataja jina la chuo, la mtoto hawalitaji. Likikosekana, hapo ndipo jina lake linatajwa mpaka na la babu yake! Akishinda ni "mwanachuo wetu", akishindwa ni "huyu kijana wa porini". Hilo lilikuwa linanichoma hata kabla halijamfika mtu wa nyumbani kwetu.

Sasa nakuja kwa Marwa. Najua umeshasikia, lakini umesikia nusu.

Zile mbio zilikuwa za barabarani, vyuo vya ualimu vyote vya huku, kumalizia uwanja wa Bomani. Wa kwanza anakwenda kambini kujiunga na timu ya vyuo ya nchi nzima. Na kila mtu alijua wa kwanza ni nani. Mwanao anakimbia kama vile barabara ni ya kwake. Mimi nilikuwa nimemtangaza kibandani mwezi mzima, na wachimbaji wakamfanya wao. "Kijana wetu wa machimbo," wanasema, na Marwa hajawahi kushika hata nyundo! Walimchangia viatu vya kukimbilia. Siku yenyewe wakaacha mashimo, tukapanda lori, tunaimba njia nzima. Aliyeimba kuliko wote anaitwa Chacha, jamaa mmoja mrefu ambaye hula kwangu kila siku, sauti yake inatosha kuchimba shimo peke yake.

Tukasimama karibu na mstari wa mwisho. Mwalimu wao wa michezo alikuwa anakwenda na kurudi kwa pikipiki. Akaja mbio anapunga mkono: "Marwa anaongoza! Wa pili hamuoni hata kisigino!" Baba, nilipiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka. Watu wa ofisini walitoka wakasimama vibarazani. Wauza duka walifunga milango. Nikawa nawaambia wote nisiowajua, yule ni mdogo wangu, wa tumbo moja, nimemlea mimi.

Tukangoja. Tukaona vumbi. Nikainua mikono. Jezi iliyotokea ilikuwa ya njano.

Chuo cha Marwa wanavaa bluu. Nikasema labda wa njano amechanganya njia, labda Marwa yuko nyuma yake kidogo. Akapita wa pili, akapita wa tatu, wakapita mpaka wale wanaokimbia wameshika kiuno. Marwa hayupo. Chacha ndiye aliyeanza: "Ameuza mbio! Wamemhonga watu wa njano, huyu ameuza!" Na unajua watu wakishakasirika, neno likishasemwa mara moja linakuwa la kila mtu. Uwanja mzima ukapokea. Watu niliokuwa nawalisha mimi, waliokula chapati zangu asubuhi ile ile! Nikawa nawabishia, na mimi mwenyewe sijui yuko wapi.

Kombe likatolewa. Wakaanza kupakia viti. Ndipo Marwa akaingia uwanjani anatembea, anachechemea, jezi imechanika, miiba miguuni, kiatu kimoja hakina soli. Namba bado iko kifuani. Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wake, akasimama wima akasema, "Mwalimu, kulipigwa yowe."

Mwalimu akamwuliza, "Yowe ndiyo nini?"

Hivi kweli, Baba! Mtu anakula mshahara wa huku, anakunywa maziwa ya huku, na hajui yowe ndiyo nini! Marwa akamweleza kwamba yowe likipigwa kila mwanaume anayelisikia lazima akimbilie, na kwamba ng'ombe walikuwa wameibwa. Mwalimu akasema, "Ng'ombe wako?" Akasema hapana. Basi walimu wote wakacheka, yule mwalimu akainyofoa namba kifuani kwa mwanao mbele ya watu, na kitambaa cha jezi kikatoka nayo.

Sitakuficha, na mimi nilimvaa. Nilimvuta pembeni nikamwuliza, "Ng'ombe wa nani?"

"Simjui."

"Humjui! Umeacha kombe, umeacha kambi, kwa ng'ombe wa mtu humjui? Si ungemaliza kwanza? Mji ulikuwa unauona!"

Akaniangalia amechoka, akasema, "Dada, nilisikia. Ulitaka nifanyeje na masikio yangu?"

Ila nakuambia ukweli, Baba, mpaka leo kuna upande wangu mmoja unalilia lile kombe. Ningekuwa barabarani ningemsukuma aendelee. Mimi ni shabiki, siwezi kujifanya vingine. Alikuwa anaongoza!

Kesho yake nikaenda kule kijijini kulikopigwa yowe kujionea. Nikaonyeshwa nyumba ya mama mmoja mjane, mtu mzima, ng'ombe wake si wengi na ndio maisha yake yote. Akanieleza. Siku ya mbio watu waliobaki kijijini walikwenda barabarani kuangalia wakimbiaji, na wezi nao waliijua siku hiyo. Wakaingia zizini mchana kweupe. Na wanaume wako wapi? Akanicheka. "Wanaume? Wanaume si mnao ninyi huko kwenye dhahabu!" Kijiji kizima, Baba, kimebaki na wanawake na wazee wanaotembelea fimbo. Alipiga yowe akijua hakuna wa kuja. Wakimbiaji walikuwa wanapita, wengine wakageuza shingo wakaangalia, wakaendelea. Na wengine wao ni wa kwetu hapa hapa, wamezaliwa kwenye yowe, wakaendelea! Ndipo akaona mtu wa kaptura anachepuka barabarani anakuja mbio, akadhani ni mwizi mwingine, akamtupia jiwe.

Marwa akamwuliza tu wamepita wapi. Akakata mabonde peke yake, mikono mitupu, akawatokea mbele kwenye kijito. Walikuwa watu wawili, mmoja ana mkuki. Akaanza kuita majina nyuma yake, Mwita kuja huku, Nyamhanga zunguka kule, kama ana kundi zima. Wale wakaacha ng'ombe wakakimbia, na Marwa akawarudisha ng'ombe mpaka zizini, ndipo akamsimulia yule mama. Yule mama ananieleza huku ananishika mikono. Mkuki, Baba! Kwenye hadithi zako za huko nyumbani kuna aliyekuambia kuhusu mkuki?

Wakati naaga nikamwuliza kama hana hata mtoto wa kiume wa kumwangalia. Akasema anaye mmoja, mrefu, ana sauti kubwa, yuko Nyamongo, anaitwa Chacha.

Nilirudi machimboni sijui nimepanda gari gani. Nikamkuta amekaa kibandani anangoja sahani, tena anaendelea kuwasimulia wageni jinsi Marwa alivyouza mbio. Sikumpakulia. Nikamwambia mbele ya wote, "Chacha, ng'ombe aliowafuata Marwa ni wa mama yako. Yowe alilolisikia lilikuwa la mama yako. Wewe ulikuwa Bomani umesimama na mimi, unamzomea." Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, "Na yule ndama mwekundu amerudi?"

Nikamwambia amerudi. Akainamisha kichwa, akatoka bila kula. Nikasema sasa atakwenda kwao, atakwenda chuoni kumsemea Marwa. Thubutu! Asubuhi yake alishuka shimoni kama kawaida. Na si yeye tu. Wote waliokuwa wanapiga kelele wametoka vijiji kama kile, wameacha mazizi yao na mama zao hivyo hivyo, halafu wana mdomo wa kumwambia mdogo wangu aliyeitikia kwa niaba yao kwamba ameuza. Nimewaambia wakitaka chakula cha mtu asiye na hasira wakatafute kibanda kingine. Wengine wamehama kweli. Wahame!

Sasa sikiliza hali ilivyo, Baba, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Marwa ameshatolewa timu. Hilo nimelia limekwisha. Linalokuja ni kubwa zaidi. Chuo wanasema amepokea hongo, ameaibisha wenzake, na Jumatatu wanakaa kuamua kama anafukuzwa masomo. Amebakiza muhula mmoja awe mwalimu. Wamesema watamsikiliza mzazi wake akija, mzazi tu, si jirani wala rafiki. Yule mama mjane alikwenda mwenyewe na kibuyu cha maziwa. Anajua lugha yetu tu, Kiswahili hakimtoki. Mlinzi akamrudisha getini, maziwa yake mkononi. Marwa anasema alimwona kupitia dirisha na hakuruhusiwa kutoka.

Marwa akakutumia ujumbe uje. Na wewe ukamjibu kwa mdomo wa mjomba kwamba mwanaume aliyeitikia yowe hana wa kumwomba radhi, na kwamba huwezi kwenda kusimama mbele ya watu wasiojua ng'ombe. Mjomba akaniambia tena, kwa furaha, kwamba umechinja mbuzi, wazee wamekula, wamemsifu Marwa mpaka jioni.

Tata! Baba yangu mzazi! Mmekula mbuzi wa Marwa, na Marwa hayupo! Mnamsifu huko wakati huku anafungashwa. Sifa zenu zinamsaidia nini zikiishia zizini kwako? Nimekasirika, na nitasema nimekasirika, ukitaka unilaani. Umesahau alipokuwa kidato cha tatu, yuko likizo, likapigwa yowe ng'ambo ya mto na yeye akabaki ndani anajisomea mtihani? Mkakaa ritongo, wazee wote na kijiji, mkamtoza beberu na mkalikataza rika lake kula naye. Wewe ndiye uliyesimama ukasema mwanao asihurumiwe kwa sababu ni mwanao. Mimi nilikuwepo. Nilimwona akila peke yake nyuma ya zizi kama mgonjwa wa surua. Hakulia. Alikuambia, "Nimesikia, Baba." Basi ulimfundisha, akajifunza, na alipokuwa amebakiza kona chache aingie Bomani, mbele ya vyuo vyote, aliyemtoa barabarani ni wewe. Sisemi ulikosea. Nasema ni kazi yako ile, njoo uisimamie.

Unasema hawa watu hawajui ng'ombe. Ni kweli, hawajui. Mwalimu yule si mtu mbaya kwa kuzaliwa, ni mjinga wa jambo hili tu, na nani atamwelimisha? Marwa ameshasema wakacheka. Ukisimama wewe, na fimbo yako, na Kiswahili chako cha mahakama ya mwanzo, ukawaambia kwetu mtu asiyeitikia yowe anafanywa nini, hawatacheka. Kama unaona ni kujishusha, mimi nilijishusha kwa walevi wa machimboni nikimtetea bila kujua ninatetea nini. Wewe unajua kila kitu, umekaa tu.

Nisalimie watu. Mpe salamu mama mdogo, mke wako wa pili, mwambie kanga yake nimeiona nitaileta. Msalimie shangazi anayelinda shamba la mtama, na babu mzaa mama kama bado anasikia. Mjomba mwambie nimemsamehe ile sukari, ila yale maneno ya mbuzi bado. Mwalimu wa dini pale kanisani mwambie atuombee Jumatatu asubuhi, na ataje jina, Marwa, asiseme tu "wanafunzi wetu".

Mjomba anaondoka leo na barua hii, Ijumaa utakuwa nayo mkononi, kwa hiyo huwezi kusema hukuipata. Mimi Jumatatu nafunga kibanda. Nimeshapatana na mama yake Chacha tukutane njia panda, nitavaa gauni langu la kanisani. Yeye atasema kwa lugha yetu, mimi nitafasiri, na yule mlinzi ajaribu kunirudisha mimi. Wakiuliza mzazi wa Marwa yuko wapi, nitawaambia amefika, ndiye mimi. Wakileta karatasi ya mzazi kuweka sahihi, nitaandika Bhoke kwa herufi kubwa. Wazee wenzako wakikaa kuuliza kwa nini mwanamke amesimama mahali pa baba yake, sitakuja kujieleza. Utawajibu wewe.

Nikikukuta getini, Baba, nitanyamaza na kukupisha uingie mbele. Nisipokukuta, sitakungoja.

Ni mimi binti yako,
Bhoke